Hakuna Tukio: Daftari la Askari wa Hifadhi na Wanaolibeza

Askari wa hifadhi huandika maneno mawili mara nyingi kuliko mengine yote: "Hakuna tukio." Kikosi kimelala porini siku tatu, kimepanda milima na kuvuka makorongo kwa miguu, kimerudi kituoni kikiwa hoi. Kabla hata ya kuoga, mmoja wao anaketi na daftari. Anaandika tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi, majina ya waliokwenda, njia waliyopita, idadi ya risasi walizochukua ghalani na idadi walizorudisha. Kisha anaandika hayo maneno mawili na kutia sahihi.

Mtu wa nje akisoma ukurasa huo atasema siku tatu zimepotea, na dakika ishirini za kuandika zimepotea juu yake. Mimi naamini ukurasa huo ni miongoni mwa vitu vyenye thamani kubwa katika kituo kizima, na ningependa kueleza kwa nini, kwa sababu mjadala kuhusu kazi za mezani za askari wa hifadhi umeegemea mno upande mmoja.

Upande huo una hoja, tena nzito. Askari, wanasema wakosoaji, aliajiriwa kulinda wanyama na misitu, wala hakuajiriwa kuwa karani. Ukiorodhesha makaratasi yanayomsubiri utashangaa: taarifa ya doria, kitabu cha matukio, daftari la silaha, daftari la gari na mafuta, orodha ya zamu, taarifa ya wiki, ya mwezi, ya robo mwaka. Hifadhi ikipata fedha za wafadhili, kila mfadhili huja na jedwali lake na tarehe yake ya mwisho. Tembo mmoja akiingia shambani usiku mmoja, habari yake inaweza kuandikwa mara nne mahali panne, na mwandishi ni yuleyule mtu mmoja ambaye hakupata usingizi kwa ajili ya tembo huyohuyo.

Na watu wenyewe hawatoshi. Mwaka 2022 watafiti walikadiria kuwa dunia nzima ina askari wa hifadhi wapatao 286,000, na kwamba ili asilimia 30 ya nchi kavu ilindwe ipasavyo ifikapo mwaka 2030, kama mataifa yalivyokusudia, watahitajika milioni 1.5. Yaani kwa kila askari aliyepo, wanakosekana wengine wanne. Katika uhaba wa namna hiyo, saa moja anayokaa mezani ni saa ambayo bonde fulani halina mtu. Anayelalamikia makaratasi kwa msingi huo ana haki ya kusikilizwa.

Ninapoachana naye ni pale anapodhani kuwa doria huisha buti zinapovuliwa.

Tazama kinachotokea porini. Askari wa mbele anasimama ghafla, anainua mkono. Kwenye njia ya wanyama, kwenye kimo cha shingo ya swala, kuna kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye shina la mti mdogo. Waya huo ni wa baiskeli au wa uzio, mara nyingine ni wa umeme uliochunwa plastiki yake. Atakata, atauviringisha, atautia mfukoni. Hadi hapo amemwokoa mnyama mmoja, labda wawili. Lakini asipoandika, mtego huo umekufa naye. Akiandika kwamba ulikuwa saa tano na dakika arobaini, kwenye nukta fulani ya ramani, kwamba waya haukuwa na kutu, kwamba majani yaliyofunika njia yalikuwa bado mabichi, kwamba hatua mia mbili mbele kulikuwa na mingine sita ya waya uleule, basi ameeleza habari za mtu. Mtu huyo alikuwa pale jana au juzi, ana waya wa kutosha, na bila shaka atarudi kukagua mitego yake. Wiki ijayo kikosi kitajua pa kulala.

Kukata tu hakuwezi kushinda vita vya waya. Mwaka 2020 shirika la uhifadhi la WWF lilikadiria kuwa katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Kambodia, Laos na Vietnam kulikuwa na mitego zaidi ya milioni 12. Hakuna jeshi la askari litakaloiokota yote kwa mikono. Kinachowezekana ni kujua inategwa wapi zaidi, msimu gani, na nani anaileta, na hayo hayajulikani bila kuandikwa.

Sasa nirudi kwenye lile "hakuna tukio", maana hapo ndipo wakosoaji wengi hupoteza njia. Chukua mfano rahisi. Mwezi uliopita askari wa hifadhi fulani walikusanya mitego 40. Mwezi huu wamekusanya 20. Mkuu wa hifadhi anafurahi, anaandika kwamba ujangili umepungua nusu, na makao makuu wanampongeza. Lakini mwezi uliopita vikosi vilitembea kilomita 400. Mwezi huu gari lilikuwa bovu, nusu ya askari walikuwa likizo, na waliobaki walitembea kilomita 100. Mtego mmoja kwa kila kilomita kumi umekuwa mmoja kwa kila kilomita tano. Ujangili umeongezeka maradufu mbele ya macho yao, na wao wanapeana mikono.

Kinachoweza kumzindua mkuu huyo ni rekodi ya kilomita zilizotembewa, na rekodi hiyo inajengwa na zile siku ambazo hakuna kilichotokea. Anayeandika matukio pekee anaandika nusu ya hesabu, ile ya juu ya mstari. Nusu ya chini ni jasho: saa, njia, kilomita, siku ambazo watu walipita mahali na kupakuta pakiwa shwari. Pasipo na nusu hiyo, bonde lililo salama na bonde lisilokanyagwa na mtu yanafanana kabisa kwenye taarifa, kwa kuwa yote mawili yana sifuri. Sifuri ya kwanza ni ushindi, ya pili ni pengo ambalo jangili analijua kuliko mkuu wa hifadhi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na kila mara narudi palepale: askari anayeandika kwa uaminifu kwamba alipita na hakuona kitu anafanya kazi ya kitaalamu ya hali ya juu, na karibu hakuna anayemwambia hivyo.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, uliligundua tatizo hili mapema. Mpango wake wa kufuatilia mauaji ya tembo ulikubaliwa katika mkutano wa Harare mwaka 1997. Kwa kuwa hesabu tupu ya mizoga inategemea mno ni mara ngapi askari walitoka kuitafuta, wataalamu waliamua kutumia uwiano: kati ya mizoga yote iliyoonekana, mingapi ni ya tembo waliouawa kinyume cha sheria? Barani Afrika uwiano huo ulifika kileleni mwaka 2011, na taarifa hiyo ndiyo iliyoiamsha dunia. Ilitoka wapi? Ilitoka kwa askari waliosimama juu ya mzoga huku wameziba pua, wakatazama kama pembe zimeng'olewa au zimekatwa, kama ngozi bado ipo au imebaki mifupa, kama kuna tundu la risasi, wakaandika. Takwimu iliyotikisa mikutano ya mawaziri ilianzia kwenye karatasi yenye madoa ya jasho.

Halafu kuna hifadhi ya Queen Elizabeth, kule Uganda. Watafiti walichukua kumbukumbu za doria ambazo askari walikuwa wameziandika kwa miaka, wakazipanga kwenye ramani, wakaonyesha ni wapi uhalifu wa kila aina una uwezekano mkubwa wa kutokea. Kisha wakajaribu kuwapeleka askari walewale, kwa idadi ileile na vifaa vilevile, katika sehemu ambazo kumbukumbu zilielekeza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa ugunduzi wa baadhi ya makosa uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 250.

Takwimu hiyo inafaa kuwekwa kando ya ile ya askari wanne wanaokosekana. Serikali nyingi haziwezi kuajiri mara tano ya walionao, si mwaka huu wala muongo huu. Lakini hapa kikosi kilekile, bila nyongeza ya mtu mmoja, kiliona makosa zaidi ya mara tatu kuliko awali katika baadhi ya makundi ya uhalifu, na kilichofanya hivyo ni madaftari ya miaka iliyopita. Saa zilizoonekana kupotea mezani zilikuwa zinawekwa akiba. Askari aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, labda kwa mwanga wa kandili na kwa mwandiko mbaya, alikuwa anampa mwelekeo askari ambaye siku hiyo alikuwa bado shuleni. Ni kweli kwamba lilikuwa jaribio la muda mfupi katika eneo moja, na "baadhi ya makosa" si makosa yote. Hata ukilipunguza nusu, sijui mradi gani mwingine wa uhifadhi unaotoa faida ya namna hiyo kwa gharama ya kalamu.

Si ajabu kwamba Uganda ndiyo iliyokuwa na akiba hiyo. Ni huko, mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiko ulikoanzishwa mfumo wa kompyuta uitwao MIST wa kuhifadhi taarifa za doria. Miaka kama kumi na mitano baadaye mashirika kadhaa yaliungana kutengeneza mfumo mwingine wa aina hiyo, SMART, ambao leo unatumika katika mamia ya hifadhi duniani. Na kwa wanaosema kuwa kazi hizi zinawatenga askari wasiosoma sana, kumbuka programu ya CyberTracker ya Afrika Kusini, iliyobuniwa katika miaka hiyohiyo ya 1990 kwa ajili ya wasaka nyayo ambao baadhi yao hawakujua kusoma. Badala ya maneno, kifaa kilikuwa na picha: mnyama, unyayo, anakula, anakimbia. Mzee asiyejua herufi lakini anayeujua unyayo wa faru kama anavyomjua mwanawe aliweza kuandika taarifa bora kuliko mhitimu wa chuo. Ukiona fomu inamshinda askari mzoefu, kosa ni la aliyeibuni.

Tusidhani pia kuwa hadithi hii ni ya ujangili peke yake. Sehemu kubwa ya siku ya askari haina bunduki wala jangili: mtalii aliyepotea njia, gari lililokwama mtoni, moto ulioruka mpaka, nyani aliyezoea kupora mikoba. Katika hifadhi ya Yosemite, Marekani, mwaka 1998 ziliandikwa taarifa 1,584 za dubu kuvamia kambi, magari na mali za wageni. Zingeweza kubaki simulizi za kuchekesha. Kwa kuwa ziliandikwa moja moja, zikiwa na mahali, saa na kilichoibwa, hifadhi ilijua pa kuweka makabati ya chuma ya chakula na wakati wa kuongeza doria za usiku, na miaka iliyofuata matukio yalishuka sana. Baadaye watafiti walipitia magari 908 yaliyovunjwa na dubu kati ya 2001 na 2007, wakakuta kwamba dubu walikuwa wakiyachagua magari ya familia, yale yenye viti vingi, kuliko wingi wake maegeshoni ulivyostahili. Pengine kwa sababu huko ndiko watoto hudondosha biskuti. Hakuna askari mmoja ambaye angeweza kuliona hilo kwa macho yake, maana kila mmoja aliona gari lake moja, kioo kimevunjika, kiti kimechanwa.

Kwenye sheria, karatasi huwa ndiyo kesi yenyewe. Askari anaweza kumkamata mtu na vipande vya pembe mkononi, lakini hakimu hakuwepo porini. Hakimu anataka hati ya kukamata mali iliyosainiwa palepale, saa na mahali, nani alikishika kielelezo, alimkabidhi nani, kilifungiwa wapi. Pengo la usiku mmoja katika mnyororo huo linatosha kumwachia mtuhumiwa. Mwaka 2014 shirika la WildlifeDirect lilitoa utafiti wa kesi za wanyamapori katika mahakama za Kenya kati ya 2008 na 2013, likakuta kwamba ni asilimia 4 tu ya waliotiwa hatiani ndio waliokwenda jela, na kwamba majalada mengi hayakuonekana kabisa. Sheria za wakati huo zilikuwa dhaifu na mahakama zilikuwa na matatizo yake, hilo halihusu askari. Ila jalada lisiloonekana linatufundisha kuwa usiku wa kuvizia, pamoja na hatari yake yote, unaweza kufutwa na kabati lisilofungwa.

Na hati hiyohiyo humlinda aliyekamatwa. Hili linanigusa zaidi, na silisikii likisemwa vya kutosha. Tanzania mwaka 2013 iliendesha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Ikasitishwa baada ya malalamiko mazito ya wananchi kupigwa, kuporwa na kuuawa, na mwezi Desemba, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Ujangili wenyewe ulikuwa wa kweli na tembo walikuwa wakiteketea. Lakini mtu akikamatwa porini, mbali na kijiji na mbali na wakili, kinachosimama kati yake na mkono wa hasira ni mstari unaosema alikamatwa saa ngapi, na nani, akiwa na hali gani ya mwili, akafikishwa kituoni saa ngapi. Saa sita zisizoelezeka kati ya kukamatwa na kufikishwa ni swali ambalo mkuu wa kituo atalazimika kulijibu. Askari mwadilifu anauhitaji mstari huo kuliko mtu yeyote, kwa sababu siku atakaposingiziwa, hana shahidi mwingine.

Mkulima anauhitaji pia. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori wa aina zilizotajwa na sheria hiyo. Kwa mjane anayesubiri, safari ya fedha hizo inaanza na askari aliyefika, akapima nyayo, akathibitisha kwamba ni nyati na si jambo jingine, akaandika. Akichelewa siku mbili mvua ikanyesha, au akafika na asiandike, mjane atazunguka maofisini akiwa na huzuni yake na bila ushahidi. Wanaosema askari apunguziwe kuandika hawajamfikiria yeye.

Upande wa pili una jiwe moja ambalo sitajaribu kulihamisha, maana ni la kweli. Kalamu hudanganya. Ukimpima askari kwa idadi ya mitego, ataleta mitego, na nyaya za mwaka jana zilizo ghalani zinaweza kuhesabiwa tena. Ukimpima kwa kilomita, atatembea barabarani ambako ni rahisi, na kichaka chenye jangili kitabaki kilivyo. Ukimwadhibu kwa kuleta taarifa mbaya, mzoga utageuka "kifo cha kawaida". Kuna pia hatari kubwa zaidi: taarifa ya mahali faru alipoonekana ni mali ya thamani kwa anayetafuta pembe, na mfumo unaokusanya nukta zote pamoja ukivuja, unakuwa ramani ya jangili. Kwa hiyo nukta za faru hazipaswi kuonwa na kila mwenye nenosiri, na idadi ya mitego haipaswi kamwe kuwa kigezo cha kumpandisha mtu cheo.

Ubaya mwingine ni taarifa kupanda bila kushuka. Askari huandika mwaka mzima, zinapelekwa wilayani, mkoani, makao makuu, kwa wafadhili, na yeye hajawahi kuonyeshwa kilichotokana nazo. Mtu huyo akianza kuandika kwa kukisia, simlaumu sana. Ninayemlaumu ni aliyemfanya aamini kuwa anaandikia kabati.

Kwa hiyo makaratasi yapunguzwe, nakubali, lakini yapunguzwe kuanzia juu. Taarifa ya wiki inayorudia ya siku, ya mwezi inayorudia ya wiki, majedwali matatu ya wafadhili watatu yanayouliza jambo lilelile: hayo yakusanywe na kompyuta kutoka kwenye daftari moja, na mwenye kuyataka aajiri karani wake. Daftari la doria lenyewe, kitabu cha matukio, hati ya kukamata mali na daftari la silaha viachwe. Na kila mwisho wa mwezi ramani irudi kituoni, ibandikwe ukutani pale buti zinapoanikwa, ikionyesha miraba iliyotembewa na isiyotembewa, waya ulikokatwa na ambako watu walipita wakakuta shwari.

Shirikisho la kimataifa la askari wa hifadhi huadhimisha siku yao kila tarehe 31 Julai, na husoma orodha ya waliokufa kazini mwaka huo. Hifadhi ya Virunga peke yake, kule Kongo, imezika askari zaidi ya 200, 12 kati yao katika shambulio la siku moja, tarehe 24 Aprili 2020. Katika vituo vingi, ukurasa wa mwisho wenye jina la marehemu akiwa hai ni ule wa saa ya kutoka: majina ya waliokwenda, njia waliyoichukua, idadi ya risasi, sahihi. Hapo ndipo waliokwenda kumtafuta walipoanzia.